Kompyuta ya Kirumba na wati zake 275

Boksi lilishuka na basi la kutoka Dar pale stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa nne na nusu usiku. Kondakta alinikabidhi akiwa amelining'iniza kwa kamba kama kuku wa zawadi. Nikasaini kidaftari chake, nikapanda bodaboda hadi Kirumba nimelikumbatia kifuani. Ndani yake kulikuwa na GTX 960, kadi ya grafiki, ile ya kuchorea picha za gemu, ya mwaka 2015, ambayo nilikuwa nimeilipia shilingi 150,000, na 10,000 nyingine ya kuisafirisha. Kulala sikuweza. Usiku uleule nilifungua kasha la kompyuta, nikaichomeka kadi kwenye sloti, ikakaa kama imezaliwa pale. Halafu nikaona ubavuni mwake kuna kitundu chenye pini sita. Nikatafuta waya wa kuingia hapo. Nikatafuta mpaka nyuma ya diski, nikamulika na tochi ya simu. Waya haukuwepo.

Nieleze kwanza kompyuta yenyewe. Ni Dell OptiPlex 7010, ile ya umbo la mnara, na prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Core i5-3470 ya mwaka 2012. Hizi zilikuwa mashine za maofisini. Wenyewe huko majuu walipozichoka zikashuka huku kama mitumba mingine yote, nami niliinunua yangu mjini mwaka 2019 kwa 280,000 pamoja na monita. Mchana inaendesha steshenari yangu: kopi, barua za maombi ya kazi, fomu za mikopo ya wanafunzi, orodha za mizigo za wafanyabiashara wa dagaa wanaopanda kutoka Mwaloni na karatasi zinazonukia kazi yao. Usiku ikifungwa milango inakuwa ya gemu. Mimi na mdogo wangu tuna PES 2017, gemu la mpira ambalo nililichonga mwenyewe nikaliwekea jezi za Pamba, timu ya Mwanza, wana TP Lindanda, miaka kabla hawajarudi Ligi Kuu mwaka 2024. Na tuna GTA V, gemu la kuendesha magari mjini.

Kufikia 2023 tulikuwa hatuchezi tena, tunavumilia. PES ilikwenda kama wachezaji wanakimbia ndani ya uji. GTA V ndiyo usiseme: gari linafika kwenye kona, barabara yenyewe bado haijafika. Mdogo wangu siku moja aliweka pedi chini akaniuliza, "Kaka, hapa tunacheza au tunatazama picha za mnato?"

Nilikuwa na laki mbili na nusu, akiba ya miezi mitano. Nikasoma mahitaji ya GTA V kama walivyoyaandika wenyewe watengenezaji. Prosesa wanayoipendekeza ni i5-3470, kwa jina lake kabisa, ileile niliyonayo. Kadi wanayoipendekeza ni GTX 660. Nikajisemea, prosesa ninayo, 960 ni kubwa kuliko 660, kazi kwisha. Nikatuma hela Dar. Hesabu ile mpaka leo siioni kosa lake, isipokuwa sikuuliza umeme wa kuilisha hiyo kadi utatoka wapi.

Kadi iliyochomekwa kwenye sloti inaruhusiwa kuvuta wati 75 kupitia mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, basi. GTX 960 inakula wati 120. Zinazopungua zinatakiwa zije kwa waya wa pini sita moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kasha. Na pawa saplai ya 7010 yangu ni ya wati 275, ilitengenezwa kwa ajili ya karani anayefungua barua pepe na kuchapa ripoti. Waya wa pini sita hawakumwekea karani. Angeufanyia nini?

Kesho yake nikaenda mjini kuuliza. Duka moja la vifaa wakanipa jibu la shilingi 8,000: adapta, upande mmoja inashika plagi ya SATA, zile zinazolisha diski na deki ya DVD, upande wa pili ina pini sita. Deki ya DVD nilikuwa siitumii tangu watu waanze kutembea na fleshi, nikaichomoa, nikaunga adapta pale. Kompyuta ikawaka. Nikaingiza draiva, programu ya kuiendesha kadi, nikafungua GTA V, na kwa mara ya kwanza niliona majani ya miti katika ule mji yanatikisika kwa upepo. Mdogo wangu alipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Tulicheza kama dakika arobaini. Harufu ilianza polepole, nikadhani ni jirani anachoma taka. Mfuko wa rambo ukiutupia kwenye jiko la mkaa unanuka vile. Kisha skrini ikawa nyeusi, feni zikawa zinazunguka tu. Nilizima ukutani, nikafungua kasha. Ile plagi ya SATA ilikuwa imegeuka rangi ya maandazi yaliyokaa sana kwenye mafuta, na plastiki yake imeyeyuka ikaganda kwenye pini za adapta. Ilibidi nizitenganishe kwa kisu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Plagi moja ya SATA, kwenye ule mstari wa volti 12 ambao kadi inauhitaji, imepimwa kubeba wati 54. Kitundu cha pini sita kinairuhusu kadi ivute mpaka 75. Adapta ile ni sawa na kuwaambia abiria kumi na wanane waingie kwenye Noah kwa sababu mlango umefunguka. Na bado zinauzwa, ninaziona kila nikipita.

Nikaibeba mashine mpaka Mabatini kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni, mtu ambaye marehemu baba alikuwa akimpelekea redio yake ya Kichina kila mwaka. Kibanda chake kina giza, ana taa moja ya mezani na stuli mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

Nikamweleza. Akaichukua ile plagi iliyoungua, akainusa kwanza kabla ya kuitazama.

"Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Waliniambia dukani."

"Dukani hawakukwambia, wamekuuzia." Akaiweka pembeni. "Una hela kiasi gani?"

Nikamwambia zimebaki elfu themanini na kitu.

"Hizo ni za mfukoni. Na za huku je?" Akagonga kwa bisibisi ile karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, penye maandishi ya 275. "Hizi ndizo hela zako za kweli. Prosesa inataka zake 77. Diski, feni, mazabodi, weka kama 50. Hujachaji simu wala hujachomeka fleshi. Ukileta mgeni wa wati 120 zinabaki 28 tu, na waya wa kumlisha uko wapi?"

Mzee huyu hajawahi kucheza gemu hata moja maishani mwake, na sidhani kama anajua GTA ni nini. Lakini alikuwa ameisoma mashine yangu vizuri zaidi kwa muda wa kunywa kahawa kuliko mimi kwa miaka minne.

Akaniuliza kama nimewahi kupima joto. Sijawahi, akaniagiza nipime kwanza. Kama nimewahi kuifungua kuisafisha. Nikanyamaza, akajua. Akafungua kifuniko cha plastiki kilicho juu ya prosesa, akavuta feni, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Mtu wa Kirumba anawajua wale vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, halafu upepo ukigeuka vinaingia mjini na kujaa kwenye kila taa. Haviumi. Asubuhi unavifagia barazani kama pumba. Steshenari yangu ina taa mbili za mrija na mlango unaotazama ziwa, na kompyuta inakaa chini ya kaunta feni yake ikivuta hewa usiku na mchana. Miaka minne. Kwenye mapezi ya ile hitisinki, chuma cha kupoozea prosesa, vijidudu vilikuwa vimechanganyika na vumbi na unga wa wino wa mashine ya kopi, vikashonana vikawa kitu kama kipande cha zulia. Mzee alikivuta kwa koleo ndogo kikatoka kizimakizima, kina umbo la mistari ya mapezi. Akakiinua kwenye mwanga.

"Huku kandokando ya ziwa wapo wanaovila," akasema. "Wewe umelishia kompyuta."

Pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka kama ukoko. Akaikwangua kwa kadi ya zamani ya simu, akafuta kwa spiriti, akaweka tone la pesti mpya ukubwa wa punje ya maharage. Nilimwambia kuna kijana aliwahi kunishauri dawa ya meno. Akasema inafanya kazi vizuri sana, siku tatu, mpaka ikauke, halafu utakuwa na prosesa yenye meno meupe.

Akabadilisha na betri ya mazabodi, ile ya duara CR2032 ya shilingi 2,000. Hii ilikuwa imenitesa bila mimi kujua ni yenyewe. Kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, kurasa za intaneti zinagoma kufunguka zikidai si salama, na mimi nilikuwa nalaumu bando. Kurasa zina vyeti vyenye tarehe. Kompyuta inayoamini tupo miaka kumi iliyopita inaviona vyeti hivyo kama vya mtu ambaye hajazaliwa.

Pesti 5,000, betri 2,000, ufundi 10,000. Jumla 17,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima joto kwa HWMonitor, programu ya bure, kwa agizo lake: PES ikiwa inacheza, prosesa digrii 105. Baada ya kusafisha, gemu lilelile, 66. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, kwa hiyo ule uji niliokuwa nalalamikia, sehemu yake kubwa ulipikwa na wadudu. Usiku ule PES ilikwenda bila kadi yoyote, kwa grafiki dhaifu zilizomo ndani ya prosesa yenyewe, ikawa inachezeka. Mimi nilikuwa nimeshatumia 168,000 kabla ya kugundua tatizo la 17,000.

Hatua mbili zilizofuata hazina hadithi ndefu. Mashine ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, moja ya gigabaiti 4. Nikaongeza nyingine ya 4, DDR3 kama iliyokuwepo, kwa 20,000. Faida yake haikuwa ukubwa peke yake: zikiwa mbili, prosesa inazisoma kwa njia mbili sambamba, na kwa mashine inayoazima RAM kuchorea picha, hilo linaonekana kwa macho. Ukienda kununua, angalia usije ukapewa ya laptopu, ni fupi na haitaingia hata uisukume vipi. Kisha SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya gigabaiti 240 kwa 65,000, nayo nikaisubiri mwezi mzima kwa sababu mfuko ulikuwa mkavu. Hii nataka niiseme wazi kwa sababu watu wanadanganyana sana: SSD haikuniongezea fremu, yaani picha kwa sekunde, hata moja. Gari la GTA halikwenda kasi zaidi. Lakini kompyuta iliyokuwa inawaka huku mteja akimaliza kunisimulia habari za msiba, sasa inawaka kabla hajatoa fleshi mfukoni. Na ile barabara iliyokuwa inachelewa kufika kwenye kona ikawa inafika, maana ilikuwa inasubiri diski. Kama nina steshenari, kifaa kilichonirudishia hela haraka kuliko vyote ni hiki, wala si cha gemu.

Zingatia tu kwamba GTA V ni zaidi ya gigabaiti 100. Kulishusha kwa bando ni kujitafutia umaskini. Nilibeba diski mpaka kwa rafiki mwenye intaneti ya waya nikanakili, nikarudi nayo kwenye daladala nimeikalia.

Ikabaki kadi. Safari hii nilianza na hesabu ya wati kama ya mzee: wati 75, bila pini za ziada, kila kitu kitoke kwenye sloti. Ukiweka sharti hilo, orodha inakuwa fupi na amani inarudi. Kuna GTX 750 Ti ya mwaka 2014, wati 60, na kuna GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, wati 75, kumbukumbu yake gigabaiti 4. Nikaamua 1050 Ti. Hapo napo pana mtego mdogo: wapo watengenezaji walioziwekea baadhi ya 1050 Ti kitundu cha pini sita ili ziende kasi kidogo. Kwa hiyo jina halitoshi. Nilikuwa nawaomba wauzaji picha ya ubavu wa kadi kabla sijauliza bei, na mmoja akaniuliza kama naoa.

Ya kwanza niliyoipata mjini ilikuwa rahisi mno, 130,000, ndani ya boksi jipya linalong'aa. Nilikwenda na fleshi yenye GPU-Z, programu nyingine ya bure, nikamwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta ya dukani kwake niitazame. Windows ikaiita GTX 1050 Ti bila wasiwasi. GPU-Z ikaandika jina hilohilo, mbele yake ikaweka neno moja kwenye mabano kwa herufi kubwa, kwamba ni ya bandia. Kuna watu huchukua kadi za zamani sana, za karibu mwaka 2010 na 2011, wakaziandikia upya programu yake ya ndani zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows inaamini inachoambiwa. GPU-Z inaangalia chipu yenyewe. Muuzaji aliishangaa ile skrini kama mimi, na namwamini, maana naye aliinunua kwenye mzigo. Tukasalimiana, nikaondoka na laki yangu na thelathini mfukoni, na ninaweza kusema hakuna programu iliyowahi kuniokolea hela nyingi kwa kubofya mara moja.

Ile niliyoinunua hatimaye ilitoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo na kurudi kwao. Ilikuwa imechakaa rangi, feni moja, haina pini za ziada. Nilienda nayo kwangu kwa makubaliano, akakaa kwenye stuli ya wateja akiiangalia saa nzima huku nikiisukuma na GTA V. Wakati huo mteja mmoja alikuja kupiga kopi ya kitambulisho, akabaki anatazama magari. 230,000. Nikamlipa kwa noti na kwa simu, nusu kwa nusu. Zile GTX 960 zangu, namaanisha ile moja iliyonitesa kama tatu, nilimuuzia kijana wa Buhongwa mwenye pawa saplai kubwa yenye waya wake halali, kwa 120,000. Nilimweleza mkasa wote. Akaniomba nimwonyeshe ile plagi iliyoungua, akaipiga picha.

Ukijumlisha: nilitoa 500,000, nikarudishiwa 120,000, ikawa 380,000. Ningeanza na mzee wa Mabatini ingekuwa 332,000. Tofauti ni 48,000, na kwa kuwa kwangu kopi moja ni shilingi mia, basi nilipiga kopi 480 kulipia uharaka wa usiku mmoja. Hapo sijatoa karatasi na wino.

Sasa hivi PES inakwenda fremu 60 bila kutikisika. GTA V, kwenye monita yangu ndogo, nimeiweka picha za juu kiasi, nimezima vivuli vya mbali, nayo inakaa karibu na 60 isipokuwa mvua ikinyesha mjini usiku, hapo prosesa inahema. Joto digrii 70 na kitu. Kila mwezi, na siku zote baada ya vijidudu kupita, nafungua kasha napiga brashi. Mlango wa ziwani nimeuwekea wavu.

Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiipokei prosesa ya umri huu. Mwaka huohuo Nvidia nao wakaacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha 1050 Ti, wakabakiza za usalama. Najua maana yake. Kazi za wateja zenye namba za vitambulisho nimezihamishia kwenye laptopu niliyoipata kwa mkopo wa kikundi, na Dell imebaki na kopi na gemu. Magemu mapya makubwa siyagusi, wala hayanikoseshi usingizi. Haya mawili hatujayamaliza.

Ila mdogo wangu amepata ugonjwa mpya. Amesoma mahali kwamba i7-3770 inaingia kwenye mazabodi yetu bila kubadilisha chochote, ina nyuzi nane za kufanyia kazi badala ya nne, na wati ni zilezile 77. Yote ni kweli, nimehakikisha. Ameipata ya 90,000. Juzi alinifuata kwenye kaunta na simu mkononi, amefungua picha yake, na safari hii alikuja amejiandaa: "Kaka, nimeshapiga hesabu ya wati, mzee hatakuwa na neno."

Nikamkabidhi rimu mbili za karatasi. Kopi 900, nikamwambia, anza na za yule mama wa dagaa pale mlangoni.